Ufundi wa Gamba: Sifa za Trela la Faibaglasi

Trela la safari ni chumba chenye magurudumu kinachokokotwa nyuma ya gari, ambacho wasafiri wa Marekani na Kanada hukitumia kulala, kupika na kujikinga na mvua wanapopita mbuga, milima na majangwa ya nchi zao zilizo pana. Mengi ya matrela hayo hujengwa kwa kiunzi cha mbao nyembamba kilichofunikwa kwa bati la alumini au kwa mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, kisha paa likatandikwa utando wa mpira. Ujenzi huo ni wa haraka na wa bei nafuu, lakini kila ukingo wake ni mahali ambapo vipande viwili hukutana, na mvua haichoki kutafuta mahali kama hapo. Maji yakishaingia, mbao huoza zikiwa zimefichika, na mwenye trela hugundua msiba huo siku ukuta unapobonyea chini ya kidole. Trela la faibaglasi lilitokana na uamuzi wa kuziondoa kingo hizo kabisa, na fadhila yake iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba ufundi uliolitengeneza kiwandani unaweza kurudiwa uani na mtu mwenye subira, kwa brashi na nyuzi za aina ileile, hata miaka 50 baada ya trela kuondoka kwenye kalibu.

Faibaglasi ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikanishwa kwa resini, yaani utomvu wa kutengenezwa ambao huwa majimaji mpaka uchanganywe na kigandishi. Nyuzi zenyewe zilianza kutengenezwa kwa wingi Marekani katika miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ziliingia katika ujenzi wa mashua, na mwaka 1953 kampuni ya Chevrolet ilitoa gari la Corvette lenye bodi ya faibaglasi. Hatua ya kuelekea kwenye trela ilipigwa Winnipeg, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, ambako mwaka 1968 Ray Olecko, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa amebuni tangi la maji machafu la faibaglasi, alitoa trela dogo la umbo la yai lililoitwa Boler. Huenda asili hiyo isiyo ya fahari ikamfanya msomaji atabasamu, lakini ina mantiki yake: chombo kinachoweza kuzuia maji yasitoke kinaweza pia kuzuia maji yasiingie. Boler lilikuwa na urefu wa takriban mita 4 na uzito wa chini ya nusu tani, kwa hiyo familia yenye gari dogo iliweza kulivuta. Kutokana na umbo hilo kulitokea Scamp, linalotengenezwa hadi leo katika mji mdogo wa Backus, Minnesota, na baadaye wakaja watengenezaji wengine, kama Casita wa Texas na Escape wa British Columbia, ambao matrela yao ni makubwa zaidi lakini yana ujamaa wa wazi na yai lile la Winnipeg.

Utengenezaji wa gamba unastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu ndani yake mna siri ya matunzo yote yanayofuata. Fundi hupaka nta ndani ya kalibu ili gamba lisigandame nayo, kisha hupulizia jelikoti, ambayo ni resini yenye rangi na isiyo na nyuzi, kwa unene wa karibu nusu milimita. Juu ya jelikoti huwekwa nyuzi, ama zikiwa mkeka uliokatwa, ama zikirushwa na bunduki inayozikata na kuzilowesha resini kwa mkupuo mmoja, halafu mafundi hupitisha rola za chuma kukandamiza na kutoa mapovu, kwa maana kila povu la hewa lililosahaulika litakuja kuwa ufa. Resini hupata joto lake yenyewe inapoganda. Nusu ya juu na nusu ya chini hutolewa zikiwa tayari na rangi, mviringo na ulaini wake, kisha huunganishwa kiunoni kwa vipande vya mkeka uliolowa resini, na mshono huo mmoja hufunikwa kwa ukanda unaozunguka trela zima.

Sasa tawi la msonobari likitoboa ubavu wa trela hilo katika barabara ya msituni, mwenye nalo hahitaji paneli mpya wala kibali cha kiwanda. Huisaga sehemu iliyovunjika kwa msasa mpaka apate mteremko mpana kuzunguka tundu, kwa uwiano wa takriban 12 kwa 1, kiasi kwamba gamba la unene wa milimita 4 hudai mteremko wa karibu sentimita 5 kila upande; huusafisha kwa asetoni, hulaza mikeka iliyolowa tabaka juu ya tabaka, na husubiri. Mteremko huo ndio unaobeba kazi yote, maana resini mpya haiyeyuki na kuwa kitu kimoja na ile ya zamani. Huishika tu, hivyo huhitaji eneo kubwa la kushikia. Kuna jambo moja la kupendeza kwa mwenye kulitafakari: kiwandani ngozi ya nje hutangulia na nyuzi zikafuata, lakini uani mpangilio hugeuka, nyuzi zikatangulia na ngozi ikaja mwisho. Mgeuko huo una matokeo ya kikemia, kwa kuwa jelikoti ya kawaida ikiguswa na hewa hubaki ikinata juu. Ndani ya kalibu uso wake ulikuwa umefichwa, na uani lazima ufichwe tena, ama kwa kuchanganya nta inayoelea juu, ama kwa kuufunika kwa karatasi ya plastiki. Fundi wa boti za faiba wa Mombasa au Zanzibar angeijua kazi hii bila kuelezwa, kwani mkeka, resini na kigandishi ni vilevile. Pengine yeye angemwonya zaidi mwenye trela juu ya vumbi la kioo, linalowasha ngozi na kuumiza mapafu, na juu ya mvuke wa resini, ambao haufai kuvutwa bila barakoa ya kazi.

Jelikoti isiyotoboka nayo huzeeka. Jua huichoma mpaka ikatoa unga mweupe unaobaki mkononi, na tiba yake ni kuisugua kwa dawa ya kung’arishia na kuipaka nta, kazi ya kuchosha mabega ambayo wengi huiahirisha na wachache huipenda.

Hata hivyo gamba lisilo na kingo bado hutobolewa makusudi: dirisha, mlango, tundu la hewa la darini, bomba la jiko, taa za nyuma. Katika Scamp na jamaa zake makabati hushikiliwa kwa ribiti zinazopenya gamba kutoka nje na kufunikwa kwa vifuniko vidogo vya plastiki, na kila ribiti iliyolegea ni tone la maji linalosubiri mvua. Mafundi wa majahazi hukalafati, yaani hujaza pamba na mafuta katika mianya ya mbao. Mwenye trela hufanya kazi ya jamii hiyo kwa utepe laini wa butili, ambao ni mpira usiokauka, akiung’oa na kuuweka upya kila unapochoka. Silikoni ya dukani inayotumiwa na wenye haraka inastahili kulaumiwa hapa, kwa sababu huacha mafuta yasiyoonekana ambayo yanakataa kushikwa na jelikoti, rangi, na hata silikoni nyingine. Wako pia wanaong’oa makabati ya zamani ili kupanua nafasi, wasijue kwamba katika matrela haya kabati refu ni nguzo ya paa. Paa hulegea, maji hutuama juu yake, na uzuri uliotafutwa hugeuka kidimbwi.

Sifa za gamba zisifunike ukweli kwamba linakaa juu ya vitu vinavyochakaa kama vya trela lingine lolote. Fremu ni ya chuma na hushika kutu. Ekseli ya matrela mengi mepesi haina springi za majani. Ni bomba la pembe nne lenye kamba za mpira ndani zinazominywa gurudumu linapopanda, na mpira huo hukakamaa baada ya miongo kadhaa, ambapo hakuna ukarabati ila kubadilisha ekseli nzima. Beringi za magurudumu hudai grisi mpya, na matairi yanapaswa kubadilishwa kwa umri wake, hata kama meno yake bado marefu, kwa kuwa trela husimama zaidi ya linavyotembea na mpira huzeeka ukiwa umesimama.

Barabarani ufundi huhamia kwenye upangaji wa mizigo. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela inapaswa kuelemea kiungo cha kuvutia, yaani tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Trela lenye kilo 700 liweke hapo kilo 70 hadi 105. Mizigo ikirundikwa nyuma, trela huanza kuyumba kushoto na kulia, na dereva aliyefunzwa hakanyagi breki za gari kwa nguvu bali huachia mafuta na kutumia breki za trela peke yake, kama linazo. Katika Wyoming, ambako barabara kuu namba 80 inajulikana kwa pepo zake, mabega ya mviringo ya trela dogo huwa na thamani isiyoonekana katika picha za matangazo.

Usiku gamba hilohilo linalozuia mvua huzuia pia pumzi za waliolala, na watu wawili katika chumba cha mita 4 huamka wakikuta madirisha yakichuruzika, hasa wakiwa wamepika kwa gesi, ambayo ikiungua hutoa mvuke wa maji. Tundu la darini huachwa wazi kidogo hata kwenye baridi, na king’ora cha gesi ya kaboni monoksidi hakikosi ukutani. Majira ya kipupwe yanapokaribia Minnesota na Manitoba, mabomba hukamuliwa au hujazwa dawa isiyoganda, kwa sababu maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na bomba halina pa kupanukia.

Kwa hiyo mnunuzi mjuzi wa trela kuukuu haanzi kwa kuutazama mng’aro wa jelikoti, ambao unaweza kurudishwa kwa juma moja la kusugua, wala haogopi tundu la ubavuni, ambalo huzibika. Hulala chini kwa mgongo na tochi mkononi, akigonga kulabu na viungo vya fremu na kupima pembe ya mikono ya ekseli. Kisha huingia ndani na kukanyaga sakafu karibu na mlango, ambako plaiwudi huanza kuoza, na bei anayotaja baadaye hutoka huko chini.