Kulala na Kona

Dereva hodari wa bodaboda huimaliza hesabu ya kona kabla hajaingia. Ukitaka kuliona hilo, nenda barabara ya Mombo hadi Lushoto, inayopanda Milima ya Usambara kupitia Soni: mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, kona juu ya kona. Wazoefu wa pale huzipita na abiria nyuma na mzigo juu ya tangi, pikipiki ikilala na kuinuka kwa utulivu ambao sichoki kuutazama.

Hesabu yenyewe ni kali. Chukua kona ambayo duara lake lina nusu kipenyo cha mita 20. Ukiipita kwa kilomita 36 kwa saa, pikipiki na aliyeipanda lazima walale nyuzi 27 hivi kutoka wima. Pandisha mwendo hadi kilomita 54, na sasa unadaiwa nyuzi 49. Mkono ulioshika resi umesogea kidogo tu, deni limekaribia kuongezeka maradufu. Na ukifika nyuzi 45, tairi linatakiwa kung'ang'ania lami kwa nguvu iliyo sawa na uzito wote linaoubeba. Lami kavu na tairi zima huenda vikakubali. Mchanga uliotawanywa na mvua, au dizeli iliyovuja kutoka kwenye lori, havikubali kamwe.

Mzigo haubadilishi pembe hiyo. Mzito na mwepesi hulala sawa. Lakini shokapu zikibonyea, kikanyagio hukwaruza lami mapema, na dereva mzoefu hulikumbuka hilo kabla ya kuingia.

Anajuaje, basi, kona asiyoiona mwisho wake? Macho yake hutafuta mahali kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Mahali hapo pakizidi kumkimbia, kona inafunguka, anaweza kuongeza resi taratibu. Pakiganda, au pakianza kumsogelea, kona inajikunja, na mwendo ulipaswa kupunguzwa tayari, pikipiki ikiwa bado wima. Maana tairi lina uwezo mmoja tu wa kushika, na breki na kona huugombania. Anayekamata breki kwa nguvu huku amelala analiomba tairi kitu ambacho ameshakitumia.

Na kulaza kwenyewe kuna siri nzuri. Kwenye mwendo, anayetaka kulala kushoto husukuma mbele kidogo mkono wa kushoto wa usukani. Gurudumu la mbele hugeuka kulia kwa kitambo kifupi sana, na pikipiki huangukia kushoto. Wengi hufanya hivyo kila siku bila kujua kwamba wanafanya.

Kwenye mashindano ya pikipiki ya MotoGP, dereva Marc Márquez hulala kupita nyuzi 60, kiwiko kikisugua lami, mwili wote umening'inia upande wa ndani ili pikipiki yenyewe ipunguziwe kulala. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini tairi zake hupashwa moto kabla ya kuanza, kona anaijua kwa kuizunguka tena na tena, na hakuna lori la mboga litakalomtokea mbele yake. Mimi namvulia kofia zaidi yule wa Soni, anayeamua mara moja, kwa lami ya leo, kisha akabakiza nyuzi kadhaa asizozitumia. Hizo ndizo zitakazomwokoa akikuta mbuzi katikati ya njia. Ufundi wake hauonekani kwa sababu hakuna kinachotokea.

Nawe unayepanda nyuma, msaidie. Usijinyooshe wala kuvutia upande wa nje pikipiki inapolala. Ukifanya hivyo, unamlazimisha ailaze zaidi kwa mwendo uleule. Vaa kofia ngumu, mshike kiunoni, tazama juu ya bega lake upande kona inakoelekea, ulale naye.