Pemba, mbona hamkutuambia?

Nina siku mbili tangu nirudi na bado sijatulia. Nimeshawasumbua ndugu, nimeshawachosha majirani, sasa ni zamu yenu: nimeiona Pemba! Kwa mara ya kwanza maishani, na furaha yenyewe imechanganyika na hasira. Miaka yote tumekuwa watu wa Unguja, leo Nungwi, kesho Paje, simu imejaa picha za mchanga mweupe, kumbe kilomita 50 hivi kaskazini yake kuna kisiwa kimejikalia kimya, kijani mpaka macho yanauma.

Tulikwenda wanne kutoka Dar: mwalimu wa hesabu, fundi simu, dereva wa bajaji na mimi. Safari ya boti sitaisifu. Bahari ilichafuka, na dereva wetu wa bajaji, mtu anayejigamba kwamba malori ya Barabara ya Mandela hayamtishi, alifika Mkoani kakumbatia ndoo, akiapa kwamba maji hayavuki tena. Tungerudije, hakusema.

Halafu tukapanda daladala, na hapo ndipo nilipoanza kupiga kelele kama mtoto. Nilitarajia kisiwa cha tambarare. Pemba ni vilima! Kilima hakijaisha kingine kimeanza, bondeni mpunga, mteremkoni migomba na minazi, juu mikarafuu imesimama safu kwa safu. Mabaharia wa Kiarabu walikiita Al-Jazira al-Khadra, yaani kisiwa cha kijani, na nawaambia hawakuwa wakitia chumvi.

Lakini kijani si kitu. Harufu, jamani! Tulifika msimu wa karafuu, na kila penye nafasi ya jua pametandikwa jamvi: uani, uwanjani, hadi ukingoni mwa barabara. Gari ndilo linalokwepa karafuu. Zilizochumwa leo ni kijani na wekundu kidogo, za juzi zimeshaanza kuwa hudhurungi, na ukipita katikati pua inachangamka kama umenusishwa chai ya harusi nzima.

Kijiji kimoja njiani kuelekea Wete tulimkuta bibi kakaa na wajukuu zake mbele ya lundo la karafuu mbichi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wanangu. Mikono mnayo?”

“Tunayo.”

“Basi kaeni.”

Tukakaa mpaka magharibi. Kazi yenyewe ni kuchambua: unashika kichala, unakisugua kiganjani, tumba zinakwenda huku, makonyo yanakwenda kule. Kumbe karafuu ni ua ambalo halijachanua. Likichanua mtini thamani imeshakwenda, ndiyo maana msimu ukifika watu hawalali. Mchumaji anapanda mkarafuu mrefu, na matawi yake ni mepesi kukatika, kwa hiyo kila tumba iliyo jamvini ina mtu aliyehatarisha shingo yake. Fundi simu, mwenye vidole vya kufungua skrubu usizoziona kwa macho, alikuwa wa mwisho. Bibi alimtazama, akatikisa kichwa: “Mwanangu, hiyo si saa, ni karafuu.” Na makonyo? Hayatupwi. Yanakwenda kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, yanakamuliwa mafuta.

Mwalimu, ambaye hawezi kukaa bila kufundisha, alitukumbusha kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiachia Pemba sehemu kubwa ya mashamba yake. Tangu hapo Pemba ndiyo karafuu yenyewe. Bibi alisikiliza kwa adabu, asiache kuchambua.

Popo! Nilikuwa nasahau popo! Kidike, kaskazini ya Chake Chake, wananing'inia mitini mamia kwa mamia kama miavuli iliyofungwa, kisha mmoja anafungua mbawa na unarudi nyuma bila kutaka: zaidi ya mita moja na nusu, ncha hadi ncha, na uso mwekundu kama wa mbweha. Popo huyu yuko Pemba tu, duniani kote hayuko kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliwindwa kwa kitoweo mpaka akakaribia kutoweka. Wanakijiji wenyewe wakaamua kumlinda, na leo wako maelfu. Mwalimu alijaribu kuwahesabu. Alipofika mia tatu na kitu wote wakaruka.

Msitu wa Ngezi nao, giza saa sita mchana, mivule iliyopanda juu hadi shingo inauma, na mpapindi, jamaa wa minazi ambaye naye ni mzaliwa wa Pemba peke yake. Kutoka msituni unatokea pwani ya Vumawimbi, mchanga mtupu, sisi wanne na kaa. Ya kisiwa cha Misali niwaachie mkajionee, ila mjue kisa chake: husimuliwa kwamba Nabii Hadhara alitaka kuswali hapo, akakosa mkeka, akasema kisiwa chenyewe ndio msala wangu.

Kasoro zipo. Nyumba za wageni ni chache, daladala huanza kuadimika jua linapozama, na anayetafuta muziki wa usiku ufukweni abaki Nungwi. Mavazi ni ya heshima, usibishane. Na yale ya uganga mnayotishiwa huku bara, mimi niliyoyaona ni watu wanaokukaribisha kahawa kabla hujajitambulisha.

Siku ya mwisho tulinunua halua ya Wete, ile inayokorogwa chunguni saa nyingi mpaka mkorogaji anabadilishana na mwenzake. Tulinunua ya kuwapelekea nyumbani. Haikufika Mkoani. Na pale bandarini, wakati sisi tunalamba vidole, dereva wa bajaji hakuonekana. Tulimkuta kwenye dirisha la tiketi, kainama, anamuuliza kijana wa ndani mchezo wa ng'ombe wa hapo Pemba unachezwa mwezi gani, na boti ya mwezi huo nauli yake kiasi gani.