Pongezi kwa Mafundi wa Chokaa wa Mji Mkongwe

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na jiwe hilo hunywa maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini pamoja na chumvi yake. Masika nayo huleta maji kutoka juu. Ukuta wa namna hiyo lazima upewe njia ya kukauka, na fundi wa chokaa analijua hilo. Chokaa hupitisha mvuke. Ukipiga saruji, maji hukwama ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, mwishowe lipu hubanduka na jiwe limekuwa unga.

Mtazame kazini. Anakwangua saruji yote, analowesha ukuta, kisha anapiga chokaa tabaka nyembamba, akingoja moja ishike ndipo aweke nyingine. Jua likiwa kali hutundika magunia mabichi, lipu isikauke upesi ikapasuka. Halafu hupanda juu kukagua mifereji, maana maji yakifika kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, boriti huoza bila mtu kuona. Ncha hizo naziogopa kuliko ufa wowote.

UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lakini cheo hicho hakiushikilii ukuta: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu la mji huu, iliporomoka.

Wageni husifia milango ya nakshi. Mimi nawapongeza mafundi hawa, na namwomba kila mwenye nyumba anayefikiria saruji amwite kwanza fundi wa chokaa, amlipe hata siku zake za kungoja.