Dhiki ya Mkulima katika Riwaya na katika Milima ya Uluguru

Katika sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili shamba limepewa sifa ya tabibu. Mtu aliyechoshwa na mji hurudi kijijini, hushika jembe, na roho yake hutulia. Mfano bora wa fikira hiyo ni Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa mwandishi wake. Utubora aacha kazi ya mjini yenye mshahara mwema, aenda Busutamu kulima, na huko apata amani ambayo fedha haikumpa. Fundisho hilo ni zuri, wala halistahili kudharauliwa. Hata hivyo, lafaa kupimwa kwa maisha ya watu ambao hawakurudi shambani, kwa kuwa hawakupata kuondoka.

Watu hao wako Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwenye njia itokayo Morogoro kwenda Matombo na Kisaki. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ni mali ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Asiye wa ukoo aliweza kuazima shamba kwa kutoa ngoto, malipo madogo ya kumtambua mwenye ardhi. Utaratibu huo haukuwa wa peponi, maana ugomvi wa mipaka ulikuwapo, na njaa pia. Lakini mkulima aliijua siku yake: lini afyeke, lini apande, lini apumzike.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliingia katika siku hiyo. Chini ya Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi miteremkoni, na asiyetii alipata adhabu. Sababu iliyotolewa ilikuwa na ukweli ndani yake: udongo ulimomonyoka, na mito iliyowafaa watu wa mabondeni ilichafuka. Lakini udongo wa juu milimani ni mwembamba. Palipochimbwa ngazi, udongo usio na rutuba ulitokea juu, na mazao yakapungua. Mtu alitoa jasho zaidi, akavuna kidogo zaidi, na aliyelima kwa ngoto alitia nguvu zake katika ardhi isiyo yake. Mwezi Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo matuta ya lazima yakaachwa.

Ni dhahiri kwamba dhiki ya Waluguru wa miaka hiyo haikutoka mjini, wala haikutokana na tamaa ya mali. Walikuwa wakulima, tena juu ya ardhi ya mababu zao. Jembe lililompa Utubora utulivu liliwatia wao uchungu. Tofauti ni moja: Utubora alilishika kwa hiari yake, na wao walishikishwa. Basi kinachomponya Utubora si udongo wa Busutamu, bali ni kuitawala siku yake mwenyewe. Riwaya yalionyesha jambo hilo katika kila tendo la shujaa wake, lakini hailitaji. Sifa yote yapewa shamba, na msomaji aweza kuamini kwamba mkulima mwenye huzuni amekosa tabia njema.

Euphrase Kezilahabi alilikaribia jambo hilo kwa njia nyingine katika Dunia Uwanja wa Fujo, ya mwaka 1975. Tumaini ajenga utajiri wake kwa kilimo, kisha siasa ya Ujamaa yafika na kulichukua shamba lake. Amwua Mkuu wa Wilaya, naye ahukumiwa kufa. Hapa mfumo wa uchumi waonekana waziwazi kuwa ndio uivunjao nafsi, na hilo ni jambo kubwa katika historia ya riwaya yetu. Lakini Tumaini ni mtu wa mali nyingi. Anguko lake ni kuu kwa sababu alikuwa juu. Mtu wa ekari moja, ambaye hana cha kunyang'anywa ila siku zake, hapati nafasi katika anguko la namna hiyo. Dhiki yake haina mlio wa bunduki. Ni ya kila msimu.

Siku hizi hakuna bwana shamba wa kumwamuru mtu wa Mkuyuni kuchimba ngazi. Ndizi, mananasi na machungwa hushushwa kwa kichwa hadi barabarani, na huko bei yangoja imekwisha kupangwa na mwenye gari. Tunda haliwezi kungoja. Mwenye gari aweza. Mwenye gharama za shule za kulipa huuza mazao yangali mtini, kwa bei ya mtu mwenye shida. Hakuna aliyemlazimisha, wala hakuna wa kumlaumu, na kwa hiyo humeza lawama mwenyewe na kukesha akihesabu. Methali yasema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Haikusema kwamba baadhi ya walaji hufika kabla ya mavuno.

Hiyo ndiyo kazi ambayo riwaya ya Kiswahili yadaiwa bado. Shaaban Robert alionyesha amani ya aliyechagua, na Kezilahabi alionyesha ghadhabu ya aliyepokonywa. Kati yao yuko asiyechagua wala kupokonywa, ambaye bei na ratiba yake vimo mikononi mwa wengine. Mhakiki anaposoma juu ya mkulima mwenye furaha au mwenye majonzi, asiulize kwanza juu ya tabia yake. Aulize siku ya mkulima huyo ni ya nani, na ni nani apangaye thamani ya jasho lake. Mwandishi asiyejibu maswali hayo mawili aweza kuandika vizuri juu ya mashamba, lakini mkulima atakuwa hajaonekana.