Tope la Koltani na Mayai ya Samaki

Koltani ya Masisi, mashariki mwa Kongo, haioshwi kwa zebaki wala sayanidi, kama inavyofanywa dhahabu kwingineko. Huoshwa kwa maji matupu. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuamini kwamba mto hauna la kuogopa, na mimi nasema imani hiyo ndiyo inayoumaliza mto.

Tuitazame kazi yenyewe. Mwamba wa vilima vya Rubaya, huko Masisi, umeozeshwa na mvua tangu zama na zama, ukawa udongo laini unaochimbika kwa beleshi. Wachimbaji huujaza kwenye magunia, huuteremsha hadi penye kijito, huumwaga kwenye mfereji, kisha maji hupitishwa juu yake huku mtu akiukoroga. Koltani ina uzito wa mara 5 hadi 8 ya maji; mchanga na udongo havifiki hata mara 3. Kizito hutulia chini, chepesi huchukuliwa na maji. Ni ufundi wa kusifiwa, maana hauhitaji umeme wala dawa. Ila kila gunia la madini lina mlima wake mdogo wa udongo uliokwenda na maji, na hakuna anayeuliza ulikokwenda.

Umekwenda kwa samaki. Katika mito ya milimani wapo samaki, wakiwemo wa jamii ya kuyu, wanaotaga mayai kwenye changarawe, mahali maji yanapopita kwa kasi na kuyaletea mayai hewa. Tope likijaza nafasi zilizo kati ya vijiwe, mayai hukosa hewa na kufa hata kama maji hayana sumu hata tone. Wadudu wanaoliwa na samaki wadogo hufukiwa pamoja nayo. Kambale ndiye huvumilia, kwa kuwa ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa ya juu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kambale mnono na kukwambia mto ni mzima, usikubali upesi.

Je, tope haliwezi kuzuiwa? Linaweza, lakini hapa fizikia ni kali. Katika maji yaliyotulia, chembe ya mchanga yenye upana wa milimita 0.1 hushuka mita moja kwa dakika mbili hivi. Chembe ya milimita 0.01 huchukua saa tatu. Ile ya milimita 0.001, yaani udongo mfinyanzi, kama haikushikamana na wenzake, huchukua karibu wiki mbili. Ukipunguza upana mara kumi, muda huongezeka mara mia. Ndiyo sababu shimo moja lililochimbwa kando ya kijito hunasa mchanga tu, na rangi ya chai ya maziwa huendelea na safari. Yanatakiwa mabwawa kadhaa yanayofuatana, na la mwisho lirudishe maji kwa motopompi kwenye mfereji wa kuoshea badala ya kuyaachia mto. Maji yakizunguka hivyo, mgodi huchota machache pia, jambo lenye uzito wakati wa kiangazi kijito kinapopungua.

Kule Walikale, mgodi wa bati wa Bisie unaoendeshwa na kampuni ya Alphamin hutumia kanuni hiyohiyo ya uzito, ila kwa mashine, na mabaki yake huwekwa kwenye bwawa maalumu. Mawe ya huko ni tajiri ajabu kwa bati. Hata hivyo, katika kila tani 100 zinazosagwa, zaidi ya 90 ni taka. Bwawa la namna hiyo ni ukuta unaotaka mlinzi kila siku. Machi 2025 kazi ilisimamishwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya vita. Kwenye nchi ya mvua kama hii, mvua haingoji wafanyakazi warudi.

Tanzania nayo ina mtihani wake. Makaa ya mawe ya Ngaka huchimbwa katika bonde la mto Ruhuhu, na mto huo ndimo mbasa wa Ziwa Nyasa, samaki aliyekwisha kupungua, hupanda kwenda kutaga kwenye changarawe. Makaa huongeza hatari moja ambayo koltani haina sana: yakiwa na salfa, maji ya shimoni yanaweza kuwa tindikali.

Gunia la koltani hufungwa lebo ya plastiki inayotakiwa kumwambia mnunuzi limetoka shimo gani. Lebo hiyo haisemi lolote kuhusu mto. Tangu waasi wa M23 waichukue Rubaya mwaka 2024, hata hiyo lebo imebaki hadithi. Mabwawa matatu na motopompi si mzigo wa kumshinda mfanyabiashara anayelipia tani za madini. Basi wanunuzi waanze kuyadai mabwawa hayo kabla ya kupima gunia, na vyama vya ushirika visikubali kuosha palipo na mayai.