Biriani Kabla ya Mwezi Kuandama

Mlo wa Idi el Fitri una kikwazo ambacho Krismasi haina: mpishi hajui utaliwa lini. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na jibu hutoka jioni ya siku ya 29, baada ya magharibi, mwezi ukiandama au ukikosa kuonekana. Tanzania Bara watu husubiri tangazo la Mufti, Zanzibar wana Mufti wao, Kenya husubiri Kadhi Mkuu, na katika mtaa huohuo wapo wanaofuata mwezi wa kimataifa ambao huenda wameshasali Idi yao jana. Tangazo laweza kutoka mapema, laweza kuvuta hadi saa nne usiku. Asubuhi yake, saa moja na nusu au saa mbili, watu wako kwenye sala, na wageni wa kwanza hawakawii. Mama mwenye nyumba ana usiku mmoja, na ndani ya usiku huo kuna kanzu za kupigwa pasi na watoto wa kutiwa hina.

Hata hivyo mchana wa Idi sinia zinatoka, zimejaa, katika nyumba za kawaida za Tanga, Magomeni, Ng'ambo na Kisauni, zenye jiko la gesi la pleti mbili, jiko la mkaa uani na friji ambayo umeme ukikatika ni kabati tu. Nimejaribu kufuata kazi hiyo hatua kwa hatua nione muda unatoka wapi. Unatoka kwenye futari. Sehemu kubwa ya mlo wa Idi hupikwa ndani ya vyakula vya jioni vya kumi la mwisho, kidogo kidogo, na kinachobaki baada ya mwezi kuandama ni kazi ya saa moja. Lakini hesabu hiyo inakubali kwa chakula kimoja na kukataa kwa kingine, na hapo ndipo nitakapogombana na wapenzi wa pilau.

Kitunguu kwanza, kwa kuwa ndicho kinachokula muda kuliko kitu chochote jikoni. Kitunguu maji kibichi ni maji matupu, karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake. Maji hayo yakiwamo, joto la kitunguu haliwezi kupanda kupita lile la maji yanayochemka, kwa hiyo kitalainika lakini hakitapata rangi. Yakiisha ndipo joto linapanda, sukari na protini zinakutana na kugeuka kahawia, na ile harufu inayojaza uchochoro mzima inaanza kutoka. Alama yake ni povu. Vitunguu vikiingia kwenye mafuta ya moto karai hufura mapovu hadi juu. Mapovu yakipungua na sauti ikififia, maji yamekwisha na mpishi amebakiwa na dakika mbili tatu. Fundi huviepua vikiwa vya dhahabu, kabla ya rangi anayoitaka, maana vitaendelea kuiva vyenyewe ndani ya chungio. Akingoja rangi kamili karaini, atapata uchungu kwenye mchuzi wote.

Kilo mbili za vitunguu, hata viwe vikavu vizuri vya Singida au Mang'ola, hutaka saa nzima na zaidi kumenya, kukata na kukaanga kwa mafungu, na mwisho hubaki kama nusu kilo tu. Hakuna anayeweza kutafuta saa hiyo usiku wa mwezi. Ila jioni ambayo futari ni maharage ya nazi au mchuzi wa samaki, karai liko motoni tayari, kisu kimetoka, na macho yameshalia. Kuongeza kitunguu cha ziada siku hiyo ni dakika kumi na tano. Fanya hivyo jioni nne, tano, uvitandaze kwenye karatasi vikauke, uvitie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Vikiwa vikavu kweli vinakaa wiki na zaidi bila friji. Mafuta yaliyobaki yasimwagwe, ndiyo yatakayounga nyama, na yana ladha ambayo mafuta mapya hayana.

Thomu na tangawizi hufuata njia hiyohiyo: hutwangwa au kusagwa mara moja kwa blenda, hutiwa mafuta na chumvi kidogo, huingia friji. Bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga hukaangwa kavu kwa moto mdogo na kusagwa siku mbili tatu kabla. Zaidi ya hapo harufu inapotea, kwa hiyo hapa kuwahi sana ni hasara.

Mchele hununuliwa pamoja na zaka ya fitri, ambayo lazima itoke kabla ya sala ya Idi. Kila kichwa ndani ya nyumba hutolewa pishi moja ya chakula, ambayo watu wengi huihesabu kuwa kilo mbili na nusu, hivyo nyumba ya watu wanane ina kilo ishirini za zaka hata kabla ya kufikiria sufuria yake yenyewe. Anayenunua zote kwa pamoja mapema hupata bei ya gunia. Kwa chakula chenyewe, makadirio yanayofanya kazi ni kilo moja ya mchele kwa watu wazima sita hadi wanane, kukiwa na nyama na viazi. Wazoefu huhesabu kwa masinia, watu watano kwenye sinia moja, kisha huongeza sinia moja kwa ajili ya sahani za majirani, wakiwamo wale watakaorudisha hisani mwezi Desemba.

Sasa ugomvi wenyewe. Nyumba nyingi huchagua pilau kwa sababu ni rahisi, sufuria moja na mpishi mmoja. Urahisi huo ni wa kupika tu. Ukitazama kwa jicho la kupanga, pilau ni mnyororo: nyama ichemke itoe supu, kitunguu kishike rangi, viungo na viazi viingie, supu irudi, mchele umwagwe, na kila pete inashika iliyotangulia ndani ya sufuria ileile. Unaweza kuchemsha supu jana, ndiyo, na unaweza kutumia vitunguu vya kopo ingawa pilau itapauka kidogo. Mchele ukishaingia, hata hivyo, hakuna kusimama. Nyama, mchuzi na wali vimekuwa kitu kimoja, na hakuna nusu yake unayoweza kuiweka ukangoja Mufti.

Biriani ya Pwani imejengwa kwa namna nyingine. Ile ya Hyderabad, kwa mfano, huweza kupanga nyama mbichi iliyolowekwa viungo chini, wali ulioiva nusu juu, ikafungwa na kuiva pamoja. Kwetu mchuzi hupikwa peke yake na wali peke yake, na huonana kwenye sinia. Wajuzi wa biriani ya Kihindi huona huo ni upungufu. Mimi naona ndio ufundi wenyewe, kwa sababu umeigawa kazi mahali panapofaa kabisa: nusu nzito, inayotaka saa tatu nne, haina haraka, nusu yenye haraka inataka saa moja hivi.

Nyama hulowekwa usiku wa kuamkia siku ya 29: mtindi, thomu, tangawizi, viungo, na kijiko cha papai bichi lililosagwa. Papai lina kimeng'enya kinachovunja protini za nyama, nacho hushika kasi joto likipanda, hivyo kazi yake kubwa huifanya sufuria inapoanza kupata moto. Kijiko kimoja cha chakula kwa kilo kinatosha. Ukizidisha, nyama inakuwa uji kwa nje. Siku ya 29 alasiri, vitunguu vya kopo vinavunjwavunjwa na kuingia kwenye nyanya, nyanya ya kopo na nyama, moto wa chini, na viazi vilivyokaangwa huingia mwisho. Chumvi huonjwa baada ya kufuturu. Hapo ndipo mtoto wa nyumba huanza kusumbua.

"Bibi, niloweke mchele?"

"Tulia mjukuu wangu, Mufti hajasema."

Mwezi ukiandama, mchuzi uko tayari, unapozwa na kuingia friji, na watu wanalala. Usipoandama, vilevile. Na siku ya 30 haina swali tena, kesho yake ni Idi mwezi uonekane usionekane. Mchuzi umesubiri siku moja zaidi na umekuwa mtamu zaidi: mafuta yamevuta harufu za viungo, na ute uliotoka kwenye mifupa na mishipa umeufanya mzito bila kuongeza chochote. Asubuhi ya kula, unachemshwa mpaka utokote vizuri, mara moja tu, siyo kupashwa moto juujuu kila mgeni anapoingia.

Wali huanza watu wakiwa wametoka sala. Basmati hulowekwa nusu saa, hutiwa kwenye maji mengi yenye chumvi yanayotokota, na huachwa dakika tano hadi saba. Unatoa punje moja, unaivunja kwa kucha: ukiona kiini cheupe kidogo katikati, mwaga maji saa hiyohiyo. Kwa njia hii huhitaji kupima maji, na hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Kwenye pilau, mchele hunywa kiasi chake na kilichobaki hupotea kwa mvuke; mvuke huo unategemea upana wa mdomo wa sufuria na muda wa kuchemka, wala hauongezeki sawa na kilo. Anayepika kilo moja kila wiki kwa kikombe kimoja cha mchele na viwili vya supu, siku ya Idi akizidisha mara tano zote mbili, anapata bokoboko. Pilau nyingi za sikukuu zinazoharibika huharibikia hapo, na lawama hutupiwa mchele. Mchele mpya nao huzidisha balaa, maana hunywa maji kidogo kuliko uliokaa ghalani.

Wali ukishachujwa hurudi sufuriani na samli, iliki na zafarani iliyolowekwa kwenye maji ya moto, ikamwagwa kwa mistari ili punje nyingine zibaki nyeupe. Kisha unapaliwa. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, yametandazwa mpaka ukingoni, kwa sababu katikati hupata joto la kutosha kutoka chini na pembeni ndipo punje hubaki ngumu. Dakika ishirini. Jiko la gesi halina namna nzuri ya kuiga jambo hili, na ndiyo maana hata nyumba zilizoachana na mkaa mwaka mzima hutoa jiko uani siku hii.

Kachumbari hukatwa mwisho, na asiyekuwa na kazi ndiye hukabidhiwa kisu. Ukwaju wa juisi umeshalowekwa tangu jana. Tende hutolewa asubuhi kabla ya sala, kama ilivyo sunna ya Idi el Fitri. Kaimati na tambi ni mambo ya mikono mingine, na nyumba nyingi siku hizi hununua bila aibu yoyote.

Kuna jambo moja la kutazamwa kwa ukali, nalo ni kiporo. Wali mwingi uliofunikwa kwenye sufuria kubwa hukaa vuguvugu saa nyingi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hazifi kwa kuchemshwa. Katika uvuguvugu huo huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ndiyo chanzo kimojawapo cha yale matapishi ya usiku wa Idi ambayo watu husema ni vyakula vingi kugongana tumboni. Kinachobaki kitandazwe kwenye sinia kipoe upesi na kiingie friji ndani ya saa mbili. Hapa pia biriani ina nafasi ambayo pilau haina: mchuzi ukiwapo, unapika wali wa pili alasiri kwa wageni wa jioni badala ya kupika wote asubuhi na kuulinda mchana kutwa.

Pilau nayo ina siku yake. Idi el Hajj huangukia mwezi kumi Mfunguo Tatu, kwa hiyo mwezi ukishaonekana mwanzoni nyumba ina siku tisa za uhakika. Nyama ya siku hiyo ni ya kuchinjwa asubuhi, huanza kukakamaa baada ya saa chache, na dawa yake ni kuchemshwa muda mrefu, kazi ambayo pilau inaanza nayo hata hivyo, na supu inayotoka haina mfano. Idi ndogo wekeni biriani, Idi kubwa wekeni pilau, na vitunguu vya kopo anzeni kukaanga Ramadhani ikishafika ishirini.