Kamelia, Dadake Mchai

Ukipanda matatu ya Limuru kutoka katikati ya Nairobi, ukishapita Ruaka na Banana, mashamba ya chai yanaanza kukusindikiza pande zote mbili za barabara. Huo ni mmea tunaoujua kwa jani tu. Ua lake wengi hawajalitazama hata mara moja, kwa kuwa mchai huchumwa kila wiki moja au mbili na kupogolewa kila baada ya miaka michache, na haupati nafasi ya kuchanua. Lakini tafuta kichaka kilichosahauliwa penye ua wa mpaka, ufunue majani: utakuta ua dogo jeupe limeinama, na katikati yake rundo la nyuzi za manjano. Dadake ua hilo ndiye kamelia, mwenye ua kubwa, jeupe au la waridi au jekundu, petali zimepangana duara ndani ya duara mpaka kitovuni. Wanasayansi waliuweka mchai katika jenasi moja na kamelia, na anayetazama jani nene, linalong'aa, lenye meno madogo pembeni, haoni sababu ya kubisha.

Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kuna imani kwamba kamelia ni mmea wa wageni, deko, usiofaa bustani za kwetu. Sikubaliani nayo. Chai ya kwanza katika nchi hii ilipandwa Limuru mwaka 1903, na mwaka 1918 Arnold McDonell akaanza kuipanda Kiambethu, Tigoni, kwa ajili ya biashara. Kutoka huko hadi Loresho au Kitisuru si mbali. Upande wa magharibi wa Nairobi udongo ni ule ule mwekundu, wenye kina, usiotuamisha maji, wenye uchachu kidogo ambao kamelia huupenda. Ukishuka kuelekea Embakasi habari ni nyingine: huko ardhi ni nyeusi, hunata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na kamelia hutaabika. Lakini Lavington, Uthiru, Kangemi? Huko yuko karibu na nyumbani.

Kinachohitajika ni mkono wa kumwotesha, na mkono huo tunao. Kando ya Ngong Road, pale vitalu vya miche vinapopangana kuelekea Karen, yuko fundi mmoja ambaye nimekuwa nikimtazama kazini kwa furaha kubwa. Ujana wake aliumaliza kwenye kitalu cha chai upande wa Murang'a, na kamelia anamwotesha vile vile alivyofundishwa kuotesha chai: kwa jani moja.

Huanza kwa kuchagua tawi la msimu huu, lililokwisha kukaza lakini halijawa mti. Ncha laini anaitupa, maana itaoza. Sehemu ya chini iliyogeuka kahawia anaitupa pia, maana itachelewa kutoa mizizi. Hubaki kipande cha katikati, kijani kinachoanza kuwa na wekundu. Kisu chake ni chembamba, na hukinoa kabla ya kila rundo. Mkato wa kwanza unapita juu tu ya jani, kwa mshazari, bila kuligusa jicho lililojificha kwapani mwa kikonyo. Jicho hilo ndilo mti wote ujao. Likikwaruzwa, kazi imekwisha. Mkato wa pili huacha kijiti chini ya jani, urefu wa pingili moja ya kidole. Hapo kipande kinaingia kwenye ndoo ya maji, na kisu kinarudi kwenye tawi. Havuti, hasagi. Mkato mmoja, safi. Sijamwona akirudia.

Udongo nao una mpango wake. Chini ya kifuko anajaza udongo wa juu, wenye rutuba. Juu yake anaweka tabaka la udongo mwekundu uliochimbwa kutoka kina kirefu, usio na mbolea wala majani yaliyooza. Mtu asiyejua angepanga kinyume. Kumbe kidonda kibichi cha kipandikizi kinataka udongo safi, wenye uchachu, usiooza. Chakula kinangoja chini, mizizi itakifikia ikishapata nguvu. Majani yote anayaelekeza upande mmoja ili yasifunikane, na hakuna jani linalogusa udongo. Kisha hunyunyiza maji, anafunika kitanda kwa plastiki iliyotandazwa juu ya fito zilizopindwa, anaziba kingo kwa udongo, na juu ya yote kivuli cha wavu. Hapo anaondoka. Kwa muda wa miezi mitatu hivi hafunui ila kwa sababu.

Baadaye plastiki hufunguliwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mche uzoee hewa kavu na jua. Hatua hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, kwa kuwa hapo mche unaonekana tayari, una kijani kizuri, na wateja wanauliza bei, ila yeye hauachii bado.

Nyumbani, kazi ya mwenye bustani ni ndogo ila ni ya kila siku. Kamelia apate jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana; chini ya mgrevilia hukaa vizuri sana. Shina lisifukiwe kupita pale lilipokuwa kifukoni. Maji ndiyo yanayowatesa wakazi wa Karen na Lang'ata, kwani ya visima virefu mengi yana magadi, nayo huondoa uchachu wa udongo hadi majani yakawa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Tangi la maji ya mvua kutoka paani linatosha kuzuia hilo. Na usimwache akauke Januari na Februari, wakati amebeba matumba, kwa maana atayaangusha yote.

Matumba yenyewe yanafaa kujifunza kuyasoma. La ua ni nono, la duara. Chipukizi la jani ni jembamba, lenye ncha kali. Matumba ya maua yakisongamana matatu mahali pamoja, unavunja mawili kwa kidole gumba, ukiacha moja lipate chakula chote. Inauma kufanya hivyo kwa mmea ulioungojea miaka mitatu au minne. Lakini ua linalofunguka hapo linajaza kiganja, na siku zake zikiisha, aina nyingi huliangusha zima, petali hazijaachana.

Fundi wa Ngong Road hauzi kamelia wakati wa kiangazi, hata ukimwekea pesa mkononi. "Rudi mvua ikishika, mama," aliniambia, akausogeza mche nyuma ya mingine. "Saa hii utaupeleka kufa."